Kitabu cha dainosa na watoi: vile ya kukisoma bila kugeuza nyumba darasa

Kama uko na mtoto wa miaka 2 hadi 7 kwa nyumba na bado hujamletea kitabu cha picha cha dainosa, mletee, alafu jitayarishe juu hicho ndicho utasoma mpaka ukijue kwa kichwa. Naandika vile mimi husoma na wangu wawili, mmoja ako PP2 na mwingine bado anakula kona za kitabu, pamoja na wale wa majirani wenye huingia tu wakipata mlango wazi. Neno langu kubwa ni moja: mwenye kitabu ni mtoto, wewe ni mtu wa kumsaidia. Ukishika usukani sana anaenda kutafuta simu yako.

Kwanza kitabu chenyewe. Si lazima kiwe kipya. Pale town kwa inama, wale wauzaji wa vitabu vya mtumba wenye huvitandaza chini kando ya barabara, ukichakura na subira hukosi cha dainosa. Kama mtoto ni mdogo tafuta cha peji ngumu za kadibodi, juu karatasi laini kwa mkono wa mtoto wa miaka 2 haimalizi wiki. Picha ziwe kubwa, mnyama mmoja ama wawili kwa peji, si zile peji zimejazwa vijipicha na maandishi madogo mpaka mtoto hajui aangalie wapi. Kisha angalia mkia. Ndio, mkia. Vitabu vya zamani huchora T. rex, yule dainosa mkubwa wa kula nyama, amesimama wima kabisa, mkia unaburuta chini, na siku hizi inajulikana alitembea mwili umelala mbele na mkia umeinuka nyuma kubalansi kile kichwa. Ukipata cha mkia wa kuburuta na bei ni poa, nunua tu, hilo kosa litakuwa mchezo baadaye, mtoto wa miaka 6 hufurahi ajabu akijua kitu chenye mchoraji wa kitabu hakujua.

Pesa ikiwa chini kuna maktaba. McMillan iko hapo Banda Street, ile ya simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931, na ziko zile matawi za Kaloleni na Makadara zenye zilikarabatiwa, kwa hivyo watu wa Eastlands hamna haja ya kupanda matatu kuja town. Lakini kwa maoni yangu cha kwanza kiwe chake mwenyewe, chenye anaweza kulala nacho, juu cha maktaba utakuwa unasema polepole usikunje, polepole usikunje kila peji, na hiyo inaua raha. Kivike kava ya nailoni kama vya shule na upitishe seloteipu kwa mgongo kabla hakijaanza kuachana.

Sasa kusoma. Vitabu vingi vya dainosa vimeandikwa kwa Kizungu na sisi kwa nyumba tunaongea Kiswahili chetu cha Nairobi, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama, anasoma mstari, anasimama, anatafuta vile ataeleza, mtoto ashachoka. Wacha maandishi. Soma picha. "Ebu oneni huyu ameinama kunywa maji, na kwa miti nyuma yake kuna nani?" Alafu nyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu kuliko zote kwa hii biashara, juu mtu mzima akinyamaza kidogo tu anaona kama hafanyi kitu, na ni wakati huo ndio mtoto anaanza kutunga stori yake. Mara ya kwanza kabisa usisome hata neno, mpe achague peji, akienda mwisho moja kwa moja ni sawa, akikaa peji moja mpaka ugali uive ni sawa pia.

Kwetu tunakaa hivi: mdogo katikati ya miguu yangu na kitabu juu ya magoti yake, mkubwa upande wa kulia juu yeye ndiye hufungua peji, na kidole changu kinatembea kwa picha, si kwa maandishi. Kwa yule wa shingo ndefu naanza puani, nashuka shingo yote polepole, napanda mgongo, nashuka mkia, na mdogo ananifuata nyuma na kidole chake kimelowa mate mpaka tunafika ncha, hapo yeye hugeuza peji haraka kuona kama mkia umeendelea upande ule mwingine. Hiyo ni dakika nzima na hakuna neno la kitabu limesomwa. Usiharakishe.

Majina yasikutishe. Watoto hupenda jina refu kuliko fupi, wewe ndiye unaogopa. Mnapiga makofi kwa kila kipande, ti-ra-no-so-ras, ste-go-so-ras, trai-se-ra-tops, na baada ya wiki mtoto mwenye bado anasema "ladio" badala ya redio anakutamkia Ankylosaurus bila shida. Akiamua yake anamwita Pembe Tatu ama Mgongo Sahani, mwache, wewe tumia jina la kitabu na yeye atumie lake, mtaelewana.

Sauti sasa, na hapa niko na siri ya watu wa plot. Kila mtu huanza kunguruma kama simba, saa mbili usiku, na ukuta ni ule wa jirani anasikia hata ukikoroga chai. Kumbe kuna wanasayansi wanafikiri dainosa wakubwa kama T. rex huenda hawakunguruma hivyo kabisa, walitoa sauti nzito mdomo ukiwa umefungwa, vile mbuni dume hufanya mpaka leo. Kwa hivyo funga mdomo, toa mvumo wa chini kabisa kutoka kifuani, na uweke mkono wa mtoto hapo kwa kifua chako. Atanyamaza ghafla, macho yatafunguka, alafu atataka afanye yeye na wewe uweke mkono kwake. Hakuna jirani atagonga ukuta.

Kitu kingine chenye hufanya kazi sana ni kumpa mtoto upelelezi. Kabla hujamwambia huyu anakula nini, muulize aangalie meno na miguu. Meno marefu ya ncha na miguu miwili yenye kucha, huyo wa nyama. Mwili mkubwa, kichwa kidogo, miguu minne mizito, huyo wa majani. Wangu huita ya pili "timu sukuma". Ukizoea mchezo unaanza kusoma vibaya makusudi, "basi T. rex akaenda kwa mama mboga akanunua sukuma ya mbao", na wewe subiri kelele. Hii ya kusoma vibaya ndiyo itakuokoa kitabu kikifika ile hatua ya kusomwa kila usiku mpaka mzazi anakificha juu ya kabati. Usikifiche. Usiku mwingine fuateni mnyama mmoja tu kitabu chote mkiuliza amejificha wapi, usiku mwingine mtoto akusomee wewe na wewe ndio uulize maswali ya kijinga.

Ukubwa usiueleze kwa mdomo. Ukisema mita 12 mtoto anasikia namba tu. Toka nje kwa koridoo ama kwa paking, piga hatua kubwa 12 za mtu mzima, mtoto mmoja asimame mwanzo awe pua na mwingine mwisho awe mkia, hapo ndio T. rex. Yule wa shingo ndefu ni hatua 22 hivi na pengine koridoo itaisha kabla yake. Huyo ndiye wa kuringa naye, juu ile picha ya Brachiosaurus kwa vitabu vingi imetokana sana na mifupa iliyochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, hapo Tanzania tu. Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913 wakitumia mamia ya wafanyakazi wa huko, na wapagazi wakabeba mifupa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa meli. Imesimamishwa kwa jumba la makumbusho kule Berlin, kimo chake mita 13 na kitu, na siku hizi wataalamu humwita Giraffatitan. Mtoto ashaona twiga wa Lang'ata, na twiga mrefu sana ni mita 5 na kitu, kwa hivyo mwambie aweke mmoja juu ya mwingine na bado hawajafika kwa macho ya huyu. Binti yangu swali lake lilikuwa "na kwa nini hawarudishi?" Nikamwambia hilo hata watu wazima wanaliuliza.

Na hapa Kenya? Wako. Turkana kaskazini, kwa milima ya Lapurr, kumetolewa mifupa ya dainosa. Watoto wakisikia Turkana wanachangamka juu ni mahali wamesikia jina lake kwa redio na kwa shule, si Amerika ya mbali.

Miaka ndio ngumu kuliko ukubwa, na dawa yake ni hatua pia. Siku mnatumwa maziwa, amueni hatua moja ya mtoto ni miaka milioni moja kurudi nyuma, muanzie mlangoni, hapo ndio leo. Hatua moja na nusu hivi, simama: hapo ndipo yule Turkana Boy, kijana wa watu wa kale mwenye mifupa yake ilipatikana Nariokotome, huko huko Turkana, mwaka wa 1984. Kwa hivyo mtoto akikuuliza kama watu walikuwa wanakimbizwa na dainosa, jibu ashalitembea na miguu yake. Endeleni. Hatua ya 66 dainosa wakubwa wanaisha, na T. rex yuko hapo hapo, kati ya 66 na 68. Kwetu hiyo inaangukia kwa kinyozi. Alafu tembeeni tena, muendelee tu, mpaka 150 hivi ndipo mnakutana na Stegosaurus, yule wa sahani mgongoni, na dainosa wa kwanza kabisa wako kama hatua ya 230, huko sisi hatujafika juu kuna barabara ya kuvuka. Mkubwa alisimama kwa kinyozi akaangalia nyumbani, akaangalia kule tunaenda, akaona Stegosaurus yuko mbali na T. rex kuliko T. rex na sisi. Usiku akafungua ile peji yenye wamechorwa wote wawili wakitazamana akasema hii ni uongo. Sasa kila kitabu kipya anaanza kwa kutafuta uongo.

Na uongo uko mwingi, ama tuseme mchanganyiko. Yule wa kuruka mwenye mabawa ya ngozi si dainosa. Wale wa kuogelea wenye makasia si dainosa. Waliishi enzi moja na ni jamaa wa mbali, basi. Rangi nazo, za wengi hazijulikani, mchoraji amejichagulia tu, kwa hivyo mtoto akipaka T. rex zambarau hakuna mtu wa kumwambia amekosea. Wachache ndio rangi zao zimepatikana, kama Sinosauropteryx wa China, kadogo hivi mwenye manyoya, mkia wake ulikuwa na mistari ya hudhurungi na nyeupe, walijua kwa kuangalia mabaki ya rangi ndani ya manyoya kwa kisukuku, yaani mabaki ya mnyama yaliyohifadhika kwa mawe.

Swali la walikufaje litakuja, na litakuja wakati wa kulala. Jibu liwe la kweli na fupi. Jiwe kutoka angani, upana wake kama kilomita 10, karibu kutoka town mpaka Roysambu, liligonga mahali panaitwa Chicxulub kule Meksiko likachimba shimo la upana wa kama kilomita 180, yaani uende Nakuru na bado uko ndani ya shimo. Alafu chukua tochi ya simu, imulike ukutani, ifunike na leso: vumbi lilifanya hivi jua. Majani yakakosa mwanga, timu sukuma wakakosa chakula, na wa nyama wakakosa timu sukuma. Mtoto ataelewa kuliko vile unafikiri. Akiuliza kama jiwe lingine linakuja, mwambie kuna watu kazi yao ni kuangalia mawe ya angani na darubini na hawajaona kubwa kama hilo likielekea kwetu. Alale.

Kuna wa kuogopa ile peji ya mdomo wazi. Usimwambie usiogope, haisaidii mtu. Mpe kazi, afunike meno na kiganja chake mpaka mkubwa amalize kuangalia, ama peji irukwe kabisa. Wetu mdogo alikuwa anairuka, siku moja akaanza kuifungua mwenyewe, akaipiga kofi, akaifunga.

Na swali la safina ya Nuhu, msijifanye hamlijui, kwa nyumba nyingi za Nairobi litaulizwa kabla ya lile la jiwe. Kila mtu ajibu kulingana na nyumba yake. Mimi husema kitabu hiki kinahesabu miaka kwa kupima mawe ya volkano, yale mifupa imelala juu yake ama chini yake, na yale ya Sunday school waulize ticha wa Sunday school. Shosho yao alinusa kidogo lakini akaendelea kusikiliza.

Sehemu yenye mimi napenda zaidi ni kuwaambia hawakuisha wote. Ndege ni dainosa. Hii usiseme tu, onyesha. Nunua mguu mmoja wa kuku, zile za kuuzwa jioni, uoshe, uweke kwa sahani kando ya kitabu kikiwa kimefunguliwa kwa mguu wa T. rex. Vidole vitatu mbele, kucha, magamba. Mkubwa wangu alipitisha kucha yake juu ya yale magamba yanayopangana kutoka kifundo mpaka kidole, kisha akaupindua kuona ile nyama laini ya chini, kisha akavuta ule mshipa mweupe wa nyuma na vidole vikajikunja vyenyewe kwa sahani. Mayowe. Mdogo alitaka ufanyiwe tena na tena mpaka mshipa ukachoka. Mkipika kuku mzima watafutie ule mfupa wa kifua wenye umbo la V, T. rex alikuwa nao pia. Na mkipita Nyayo roundabout waonyeshe wale marabu wamesimama juu ya miti na vile vichwa vya upara, wakitembea angalia miguu. Hakuna kitabu kitafanya hiyo kazi vizuri kuliko marabu. Makumbusho ya Museum Hill pia nendeni, mtoto asimame chini ya sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi na Mzee Kenyatta, alafu umwambie kuna wale wa shingo ndefu wangemuangalia Ahmed kutoka juu.

Mwisho, wakija wa majirani. Watoto sita na kitabu kimoja ni vita, usijaribu kuwapanga kwa kochi, kaeni kwa ngazi, wadogo chini, wewe uketi ngazi ya chini kabisa ukiwaangalia na kitabu ukishikilie kikiwaelekea wao, hata kama inamaanisha unasoma kichwa chini. Kila mtoto apewe dainosa wake kabla hujafungua kava, peji yake ikifika anasimama anatembea kama yeye, alafu anakaa. T. rex atagombaniwa, mpe yule mwenye haya kuliko wote. Kazi ya kufungua peji usimpe mtu mmoja, weka zamu na uzitaje kwa sauti mapema, na aliyekula mandazi apanguse mikono kwanza.